Sado tatu na nusu kwa siku

Nyumbani kwetu Mwanga, Kigoma mjini, tuko saba: mimi na mume wangu, watoto wanne, na mama mkwe aliyehamia kwetu kutoka Kasulu. Kwa muda mrefu ugomvi wetu wa matumizi ulikuwa kwenye taa. Baba watoto akikuta taa inawaka mchana, nyumba nzima itasikia. Tukazima taa, tukazima tena, na bado umeme uliisha kabla ya mwezi, na gunia la mkaa halikufika siku ya ishirini.

Nilipolipa shilingi 38,000 kwa gunia la pili ndani ya mwezi mmoja, nilichukua daftari la mtoto lililobaki kurasa nikaanza kuandika. Kila nikichota mkaa ninapima kwa sado, lile kopo la kupimia, naandika na kazi yake: chai, maji ya kuoga, maharage, ugali. Upande wa umeme, nilisoma uniti zilizobaki kwenye LUKU, mita yetu ya kulipia kabla, usiku watu wakilala, nikasoma tena asubuhi kabla mtu hajawasha kitu. Nilifanya hivyo wiki mbili.

Daftari lilinionyesha nisichokuwa nakiona. Siku ya dagaa tulitumia sado tatu, siku ya maharage nne, na sisi hula maharage siku nne kwa wiki. Sufuria ya maharage peke yake ilikula sado moja na nusu. Maji ya kuoga, sado nzima. Kwa bei ya gunia lile sado moja ilinigharimu kama shilingi 600, kwa hiyo kila nilipobandika maharage nilikuwa nachoma shilingi 900 kabla hata ya kununua kitunguu na mawese.

Na taa? Tuna taa sita za LED za wati 9. Zikiwaka zote saa nne, hazifiki robo ya uniti. Lakini usiku, taa zikiwa zimezimwa na televisheni imechomolewa, asubuhi nilikuta karibu uniti moja imeondoka. Kilichobaki kinafanya kazi ni friji tu.

Nilibana karatasi kwenye mlango wa friji nikaivuta. Ikatoka bila kushikwa. Mpira wa mlango ulikuwa umekakamaa, barafu imejaa ndani, na tena tulikuwa tumelisukuma hadi likagusa ukuta, halina pa kutolea joto nyuma. Fundi akabadilisha mpira, mimi nikayeyusha barafu na kulisogeza mbele. Kutoka uniti mbili na kidogo kwa siku, likashuka hadi moja na robo.

Hapa nieleze kwa nini uniti hizo zilikuwa na uzito kwangu. Mita yetu iko kundi la watumiaji wadogo, D1. Hadi uniti 75 kwa mwezi tunalipa shilingi 100 kwa uniti, ukiongeza kodi na tozo inakuwa 122. Ukivuka 75, kila uniti ya ziada ni shilingi 350 kabla ya kodi. Sisi tulikuwa tunafika 80 na kitu, tunaangukia kwenye bei ya juu mwishoni mwa mwezi bila kujua. Friji lilipotulia nikapata nafasi chini ya 75, na nikajua ya kuijaza: maharage.

Lakini sikuwa na fedha ya presha kuka ya umeme wakati ule, hivyo nilianza na kikapu. Nilichukua tenga la mianzi, nikalizungushia ndani godoro la zamani lililokatwa vipande na blanketi lililochakaa, nikashona mto wa kufunikia juu. Maharage yaliyochemka unayaingiza na sufuria yake, unafunika, yanaendelea kuiva kwa joto lake yenyewe. Mara ya kwanza yalitoka magumu, kwa haraka yangu: sikuyaloweka, na niliyaingiza yalipoanza tu kutokota. Mama mkwe alionja moja akaliweka pembeni, akaniambia taratibu, "Mwanangu, haya yarudishe motoni." Nikayarudisha. Na ni vizuri alisema, kwa sababu maharage yasiyochemka sawasawa yana sumu inayovuruga tumbo. Tangu siku ile nayaloweka usiku kucha, namwaga yale maji, nayachemsha kwa moto mkali nusu saa kamili, mfuniko umebana, ndipo yanaingia kikapuni. Nikiyaingiza saa mbili asubuhi, saa saba mchana yameiva. Mkaa ukashuka hadi nusu sado.

Presha kuka ya lita sita, wati 1,000, nilinunua baada ya miezi mitatu kwa shilingi 120,000. Kilo moja ya maharage yaliyolowekwa inakula kama nusu uniti. Hiyo ni shilingi 61. Nilirudia kusoma LUKU mara tatu kwa sababu sikuamini. Angalizo moja: usizidishe nusu ya chombo, maharage yanatoa povu na povu linaziba tundu la mvuke. Mimi lilinitokea, nikakaa mbali mpaka likapoa. Umeme ukikatika, tenga bado liko.

Maji ya kuoga niliyahamishia juani. Madumu mawili meusi ya lita 20 yanalala juu ya kipande cha bati uani tangu asubuhi, na watoto siku hizi wanaoga saa kumi jioni badala ya saa moja usiku. Kubadilisha saa ya kuoga kulinisumbua kuliko kitu kingine chochote. Watoto hawataki kuacha mpira. Kiangazi maji yanatoka ya moto kweli. Masika nakubali kurudi kwenye mkaa kwa ajili ya mama mkwe, kwa sababu mifupa yake haivumilii maji baridi.

Pasi naipiga mara moja kwa wiki, nguo zote. Jiko la bati nimelibadilisha na la udongo, na mkaa uliobaki nauzima kwa kuufunika badala ya kuuacha uishie hewani.

Sasa gunia linafika wiki ya sita, na umeme unaishia uniti 68 au 70. Najali fedha, lakini si hiyo tu. Ukipanda boti kutoka Kibirizi kwenda upande wa Gombe, unaona milima iliyobaki majani matupu hadi mpaka wa hifadhi, ndipo msitu unaanza. Kila nikiiona nakumbuka ile sado moja na nusu.

Ugali bado ni wa mkaa. Sufuria ya watu saba inataka kukanyagwa kwa miguu miwili na kusongwa kwa nguvu, na sijapata jiko la umeme litakalovumilia hilo. Daftari ninalo bado, na ukurasa wa ugali uko wazi.