Kurasa za Katikati

Mwaka 2003 Bongo Fleva ilikuwa imeshika nchi nzima, lakini katika shule yetu ya bweni, mkoani Morogoro, walimu wengi waliuita muziki wa wahuni na mjadala ukaishia hapo. Kukutwa na redio kulikuwa kosa la viboko. Ya kwetu ililala ndani ya tranka la rafiki yangu wa Temeke, imeviringishwa kwenye shuka, na ilitoka usiku tu. Huyo wa Temeke alimsikiliza Juma Nature kama anayepokea habari za mtaani kwao, maana ndizo zilikuwa hizo hizo. Sisi wa Morogoro tulikuwa na Afande Sele wetu. Ubishi wa nani mkali kati ya wawili hao ulitumalizia muda mwingi wa prepu kuliko hesabu.

Ubishi huo ndio uliozaa kijarida. Klabu ya muziki ilikuwepo, ila kazi yake ilikuwa kuimba kwaya wageni wakija. Tukajikusanya wachache wa kidato cha tatu, tukamfuata mwalimu mlezi, mtu wa historia, tukamwambia tunataka kutoa kijarida cha muziki kwa ajili ya mahafali ya kidato cha nne mwezi wa kumi. Alitusikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hatukulizoea, kisha akasema, "Sawa. Lakini Mbaraka Mwinshehe awemo. Huwezi kukaa Morogoro, ukaandika habari za muziki, ukamruka Mbaraka." Tukaitikia "ndiyo mwalimu" huku tukiangaliana. Kwetu Mbaraka alikuwa muziki wa akina baba.

Mkuu wa shule naye akaja na la kwake. Gazeti, alisema, lina sheria yake ya mwaka 1976, na lisiposajiliwa ni kesi. Kwa hiyo kitu chetu kisiitwe gazeti, kisiuzwe, na juu kiandikwe "Kwa matumizi ya shule tu". Tulinuna, maana bei tulishaipanga. Lakini mstari ule ulilipendezesha jalada kuliko chochote tulichokibuni wenyewe. Kila aliyeuona alitaka kujua ndani mna nini. Jina la kijarida silitaji. Tuliliiba kwenye kipindi cha redio.

Aliyetufundisha kupanga kurasa alikuwa mama sekretari. Ofisi yake ilikuwa na taipureta mbili, moja pana ya kuchapia ratiba na orodha za matokeo, na mashine ya kurudufu ya kuzungusha kwa mkono iliyotoa mitihani. Tulipompelekea madaftari yetu, baada ya shikamoo na marahaba, hakusoma hata mstari mmoja. Alichukua fulskepu nne, akazikunja pamoja katikati, kikatoka kijitabu kitupu. Akatuambia tuandike namba kwenye pembe za kurasa, 1 mpaka 16. Tukaandika. "Haya, kunjueni." Tukakunjua, tukakuta ukurasa wa 1 umelala ubavuni mwa wa 16, wa 2 na wa 15, wa 3 na wa 14. Kila jozi ukiijumlisha inatoa 17.

"Stensili moja ni kurasa mbili zinazolala pamoja," akasema. "Msiniletee kwa mpangilio wa kusoma, wanangu. Nileteeni kwa mpangilio wa kulala."

Katika kukunja na kukunjua kule ndipo tulipogundua kwamba ukurasa wa 8 na wa 9 ni majirani kwenye karatasi na ni majirani kwa msomaji pia. Zile nyingine za ndani, ukizifungua, zinatoka kwenye karatasi mbili tofauti. Wa Temeke akaweka kiganja pale katikati. "Mashairi yakae hapa."

Mashairi ndiyo yalikuwa jambo lenyewe. Kaseti tulizokuwa tunanunua zilikuja na picha ya msanii na orodha ya nyimbo, bila maneno, kwa hiyo kila mtu aliimba alichosikia. Kuyaandika ilikuwa kazi ya usiku: simamisha kaseti, andika mstari, irudishe nyuma kwa kalamu ya Bic ili betri isiishe, sikiliza tena. Msanii anakimbiza maneno, ana misimu ya mtaani kwao, na spika yetu imepasuka. Palipo na neno gumu, mmoja anasikia jina la mtaa na mwingine anasikia jina la msichana, na wote wako tayari kuapa. Tuliposhindwana kabisa tukaacha nukta nukta, na pembeni tukaandika: "Jaza mwenyewe." Sheria ya hakimiliki ilikuwepo tangu mwaka 1999, na COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, pamoja nayo, lakini habari zao hazikuwa zimefika bwenini.

Picha zilitutoa jasho zaidi. Stensili ni karatasi laini iliyopakwa nta. Mama sekretari aliusogeza pembeni utepe wa wino ili herufi zigonge nta moja kwa moja, zitoboe, na wino wa mashine ya kurudufu upite kwenye matobo hayo. Alipiga kwa kipimo, kwa sababu ukiipiga "o" kwa hasira kile kiini cha katikati kinadondoka, na badala ya herufi unapata doa jeusi. Akikosea alipaka dawa yenye harufu ya rangi ya kucha, akaipuliza, akapiga tena juu yake. Picha ya kamera haiwezi kupita njia hiyo. Hata mchoro uliojazwa weusi haupiti, kwa kuwa ukikwangua nta eneo kubwa stensili inachanika na wino unamwagika.

Mchoraji wetu alikuwa kijana mpole aliyejifunza kwa kunakili vibonzo. Aliilaza stensili juu ya kipande cha kioo cha dirisha, akachora kwa kalamu iliyokwisha wino. Kofia aliitoa kwa mistari. Miwani nyeusi hakuweza kuijaza, akaipiga mishazari myembamba sana, na vivuli vya uso akavitoa kwa nukta, nukta, nukta, ulimi ukiwa nje muda wote. Msanii wa jalada simtaji, maana kuna waliodhani ni mwalimu wa zamu.

Ukurasa wa 4 tulimpa Profesa Jay na wa 5 Mr. II, yaani Sugu. Mwalimu wa nidhamu alipoziona stensili hizo aliuliza kama hatukupata watu wa maana wa kuandika habari zao. Sugu aliingia bungeni mwaka 2010 kwa jimbo la Mbeya Mjini, na Profesa Jay mwaka 2015 kwa Mikumi, humu humu Morogoro. Sijakutana tena na yule mwalimu. Ningemwamkia tu.

Kuhusu Mbaraka hatukuwa na kitabu. Mwalimu mlezi alitupa tarehe zake: mwaka 1970 bendi yake, Morogoro Jazz, ilikwenda Japani, kwenye maonesho ya dunia ya Osaka, mwaka 1973 Mbaraka akaiacha na kuunda Super Volcano, Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari nchini Kenya. Lakini tarehe hazichezeki. Mtu aliyewahi kucheza tulimpata jikoni. Mpishi mkuu, mzee wa Kiluguru, alituhadithia huku akisonga ugali wa bweni zima kwa mwiko mrefu kama kasia. Alipofika kwenye gitaa la solo aliuchomoa mwiko, akaukumbatia kifuani, vidole vikipanda na kushuka kwenye mpini wenye ukoko wa ugali, macho kayafumba. Ugali ukaanza kuungua. "Andikeni hivi, vijana. Mguu ulikuwa hauombi ruhusa." Tukaandika. Tulimweka ukurasa wa 10, na wa 7, jirani yake wa kulala, tukaweka chemshabongo.

Ijumaa, kesho yake mahafali, umeme ukakatika saa moja jioni, stensili ya mwisho ikiwa bado kwenye taipureta. Mama sekretari angeweza kwenda kwake. Akatuma mtu jikoni akalete karabai, akamaliza kuchapa. Mashine yenyewe haikuhitaji umeme: mmoja anazungusha mkono, mmoja anapokea karatasi, wengine wanazitandaza juu ya madawati ya darasa la jirani zikauke. Ukiigeuza karatasi haijakauka, maandishi ya upande wa kwanza yanahamia kwenye ile inayofuata, na unapata Sugu mwenye kivuli cha Sugu mwingine. Nilipewa mkono wa mashine. Mpaka leo nikisikia harufu ya wino wa aina ile bega la kulia linajikunyata.

Stepla ya ofisini haikufika katikati ya fulskepu. Tukaifungua ikalala bapa, tukaweka karatasi juu ya godoro, tukagonga kwenye mkunjo, pini ikazama ndani ya sponji, halafu tukaipinda miguu kwa kijiko cha chakula. Vijana wa kidato cha kwanza waliamshwa alfajiri kulipaka jina la jalada rangi nyekundu kwa maka peni. Wapo waliopaka na miwani ya msanii. Hatukuwa na muda wa kuwazuia.

Mahafali yenyewe nayapitia haraka. Jua lilikuwa kali na mgeni rasmi alijipepea na kijarida chetu tangu wimbo wa taifa mpaka kugawa vyeti. Wazazi, hasa akina baba, walifungua ukurasa wa Mbaraka wakakwama hapo. Mmoja alimwita mkewe amsomee tena ile ya mguu.

Jumatatu kwenye ukaguzi wa mabweni ndipo tulipoona kijarida kimefanywa nini. Karibu kila kitanda cha deka kilikuwa na kurasa za katikati ukutani, zimegandishwa kwa dawa ya meno. Kwenye nukta zetu watu walikuwa wamejaza: bweni letu neno lao, la jirani neno jingine, na wa vitanda vya juu wameandika matusi. Pini zilichomolewa kwa uangalifu ili karatasi isichanike. Mwili uliobaki wa kijarida ulizagaa chini ya vitanda.

Mpishi mkuu hakuwa amepata nakala. Mmoja wetu akamwokotea ya bwenini, akampelekea jikoni. Mzee alivaa miwani, akafunua mwanzo mpaka mwisho, akarudia kutoka mwisho. "Vijana, mbona mimi simo?"

Ilibidi tumpeleke bwenini, tubandue karatasi moja ukutani na kuigeuza. Ukurasa wa 10 uko mgongoni mwa wa 9, na shule nzima ilikuwa imemgeuza mzee wa watu akatazama ukuta. Aliusoma pale pale akiwa amesimama, dawa ya meno ikimpaka vidole, kisha akaukunja akatia mfukoni. Mwenye kitanda hakuthubutu kudai mashairi yake.

Toleo la pili tulimhamishia ukurasa wa 3, na mgongoni mwa mashairi tukaweka ratiba ya mechi za mabweni, ambayo bandiko lake rasmi lilikuwepo tayari kwenye ubao wa matangazo.