Korongo wa vidole viwili

Mteja wangu wa miaka mingi aliingia asubuhi na mche wa sabuni uliokwisha kutumika nusu, akauweka mezani pamoja na karatasi iliyoufungia. Akanionyesha viganja vilivyopasuka. "Siku hizi umeharibu, mwanangu," alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma.

Niliunusa ule mche nikajua si wangu. Lakini karatasi! Kijani ile ile, maandishi yale yale, na korongo yule yule amesimama kwa mguu mmoja. Huyo korongo nilimchora mwenyewe. Mguu aliosimamia una vidole vitatu. Ule alioukunja una viwili tu, kwa sababu wino wa kalamu uliniishia usiku ule na kesho yake mchapaji alikuwa akiungoja mchoro. Nikaisogeza ile karatasi dirishani, nikahesabu. Viwili. Mtu alikuwa ameiba hata kosa langu.

Nilikwenda kwa wakili na cheti cha kusajili jina la biashara, nikiamini ndiyo ngao yangu. Mama yule alikisoma, akanirudishia. "Hiki kinasema wewe ni nani. Hakisemi korongo ni wa nani." Miaka 6 nilikuwa nimeuza sabuni nikidhani vitu hivyo viwili ni kimoja, na naona wengi wangali wanadhani hivyo hadi leo.

Alipopekua daftari la alama za biashara, habari ikawa mbaya zaidi. Kulikuwa na ombi la mtu mwingine kwa korongo huyo huyo, katika kundi la 3, ambamo sabuni na vipodozi vimewekwa kwenye mpangilio wa kimataifa wa bidhaa na huduma, uitwao wa Nice, wenye makundi 45. Ombi lilikuwa limekwisha kutangazwa, na muda wa kuweka pingamizi ulikuwa umebakiza siku 11. Nchi nyingi humpa nafasi ya mbele aliyetangulia kuomba, si aliyetangulia kuuza. Kwa hiyo mimi niliyemzaa korongo ndiye niliyetakiwa kuleta ushahidi.

Usiku huo nilimwaga sakafuni maboksi yote ya karatasi. Nilitafuta kitu chochote chenye tarehe na korongo kwa pamoja: ankara, stakabadhi, barua za wauzaji wa jumla, picha za maonyesho. Ankara nyingi zilitaja sabuni tu bila kutaja alama, kwa hiyo hazikunifaa sana. Karibu na alfajiri nikaipata stakabadhi ya mchapaji wa kwanza, imebanwa pini pamoja na sampuli ya karatasi. Kutu ya pini ilikuwa imeacha doa la kahawia juu ya bawa. Tarehe ilisomeka vizuri. Nililia, sioni haya kusema.

Wakili aliifurahia stakabadhi, kisha akaweka kidole kwenye herufi R ndani ya duara iliyokuwa kwenye karatasi zangu za baadaye. "Hii nani alikupa?" Nilikuwa nimeiona kwenye bidhaa za wakubwa nikadhani ni pambo la heshima. Alinieleza kwamba herufi hiyo ni ya aliyekwisha kusajili alama yake, na kwamba katika nchi nyingi kuitumia kabla ya hapo ni kosa la jinai. Niliirudisha stoo shehena nzima ya karatasi wiki hiyo hiyo. Ilinigharimu, lakini sikutaka kuingia kwenye dai la haki nikiwa na uongo mkononi.

Pingamizi liliwekwa siku ya 9, pamoja na kiapo changu na ile sampuli yenye doa. Hoja yetu kubwa ilikuwa nia mbaya: mtu anaweza kujitungia korongo, hata wa kijani, lakini hatungi kwa bahati mguu wenye kidole kilichokosekana kwa wino kuisha. Mwombaji alipewa muda wa kujibu. Hakujibu, na ombi lake likahesabiwa kuwa limeachwa. Sikuwahi kukutana naye.

Ombi langu mwenyewe lilichukua miezi mingi, nami sikuihesabu. Cheti kilipotoka kilikuwa cha miaka 10, kinachoweza kuhuishwa tena na tena mradi niendelee kuitumia alama, kwa maana alama iliyolala miaka kadhaa bila kutumika inaweza kufutwa.

Siku ya kukichukua nilimwambia wakili kwamba sasa nitamrekebisha yule ndege, nimwongezee kidole. Aliinua mkono kunizuia. "Tumia kilichosajiliwa, kama kilivyosajiliwa."

Yule mteja wa viganja vilivyopasuka nilimpelekea sabuni nyumbani kwake siku hiyo hiyo. Aliigeuza, akavaa miwani, akahesabu vidole kwanza.