Jarida la kielektroniki la wapenzi wa fani: anzeni na ukubwa wa ukurasa

Jarida la wapenzi wa stempu, redio au ufugaji nyuki halina idara ya usanifu. Lina mtu mmoja au wawili wanaolipanga usiku baada ya kazi. Ndiyo maana ukubwa wa ukurasa uamuliwe kabla hata ya kuomba makala. Upana wa mstari, vipimo vya picha na urefu wa makala vyote vinatoka hapo. Anayeanza na jalada atajikuta akipanga upya kila kitu akifika ukurasa wa sita.

Wengi hutumia A4 kwa sababu ndiyo iliyowafungukia kwenye programu. A4 ina upana wa milimita 210, na skrini ya simu iliyoshikwa wima ina kama 68. Ukurasa ukibanwa utoshee humo, herufi za pointi 11 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi) zinabaki kama za pointi tatu na nusu, na msomaji anaanza kuvuta skrini kulia na kushoto kwa kila mstari. Weka safu mbili juu ya hapo ndiyo balaa kabisa: akimaliza safu ya kwanza apande tena juu kuitafuta ya pili.

Kwa PDF, chaguo langu ni A5, milimita 148 kwa 210, safu moja. Simu kubwa kiasi ikilazwa, skrini yake ina karibu milimita 150, kwa hiyo ukurasa unaonekana karibu na ukubwa wake halisi. Anayetaka karatasi naye anachapa kurasa mbili kwenye A4 moja bila kupunguza chochote. Ila kama mnatarajia watu wazikunje ziwe kijitabu, idadi ya kurasa igawanyike kwa 4: 24 au 28, si 26.

Hesabu yenyewe ni hii. Pambizo za pembeni milimita 15 kila upande, juu 18, chini 20 ili namba ya ukurasa ipumue. Maandishi yanabakiwa na upana wa milimita 118 na kimo cha 172. Kwa fonti ya pointi 10.5 na pointi 14.5 kutoka mstari hadi mstari, inaingia mistari 33, kila mmoja una herufi 65 hivi. Jicho linasoma bila taabu mstari wa herufi 45 hadi 75, kwa hiyo hapo tuko salama. Ukurasa uliojaa unabeba kama maneno 280. Makala ya maneno 1,500 yenye picha mbili za nusu ukurasa itakula kurasa saba ukihesabu na kichwa chake. Mwandishi aambiwe hivyo mapema, asije akaleta maneno 4,000 halafu akanuna yakikatwa.

Mistari msiilazimishe kunyooka pande zote mbili. Maneno yetu ni marefu. Likitokea “hawakuyashughulikia” mwishoni mwa mstari, programu isiyo na kanuni za kukata maneno ya Kiswahili inalisukuma chini na kuacha mapengo meupe, na ikiachwa kwenye lugha ya Kiingereza inakata ovyo. Nyoosheni kushoto tu. Lugha ya waraka nayo iwekwe Kiswahili, maana programu zinazowasomea wasioona kwa sauti hutegemea alama hiyo.

Picha ndizo huharibu mambo zaidi. Kuipunguza picha kwa kuvuta kona zake ukurasani hakupunguzi faili: picha ya simu ya pikseli 4,000 kwa 3,000 inabaki na uzito wake wote, na kumi za namna hiyo zinalifikisha jarida megabaiti 30 au 40. Zipunguzwe kabla ya kuingizwa. Upana wa milimita 118 kwa pikseli 150 kila inchi ni pikseli 700 tu. Picha za kamera ziwe JPEG, ubora wa 80 hivi, rangi za RGB, yaani za skrini. Michoro ya saketi, ramani na grafu ziwe PNG zenye upana wa pikseli 1,400, kwa sababu JPEG huzungushia mistari myembamba ukungu na namba ndogo hazisomeki. Angalieni pia dirisha la kuhamisha kwenda PDF: mara nyingi lina chaguo linalogeuza kila picha kuwa JPEG kimyakimya.

Mkitaka na EPUB, yaani faili ya kitabu cha kielektroniki, vichwa vya habari vitengenezwe kwa mitindo ya programu (styles), si kwa kukoleza wino kwa mkono. Yaliyomo yanazaliwa kutoka kwenye mitindo hiyo. Kwenye EPUB maandishi hujipanga upya kulingana na skrini, kwa hiyo “tazama picha iliyo kulia” haina maana tena. Andikeni “Picha ya 3”. Jedwali la safu zaidi ya tatu ligawanywe. EPUB kwa ndani ni mafaili yaliyofungwa pamoja kama zip; ikifunguliwa kurekebishwa, isibanwe tena kama zip ya kawaida: faili la ndani liitwalo mimetype lazima liwe la kwanza na lisibanwe, la sivyo baadhi ya visomaji vitaikataa. EPUBCheck, programu ya kukagua faili za EPUB, itawaonyesha kosa hilo.

Kwa jarida la maneno mengi LibreOffice Writer, programu ya kuandikia, inatosha. Scribus, programu ya kupanga kurasa, inalipa pale picha na maandishi vinapoingiliana sana. Fonti mbili zinatosha pia, zenye leseni huria, na zipachikwe ndani ya faili. Mkihamisha kama PDF/A, aina ya PDF ya kuhifadhi nyaraka kwa muda mrefu, upachikaji huo ni wa lazima, kwa hiyo ukaguzi mmoja mnaupata bure.

Jina la faili lisiwe na nafasi, na namba ya toleo ianze na sifuri: nyuki-2025-02.pdf hupangika vizuri kabla ya nyuki-2025-10.pdf. Jazeni pia kichwa ndani ya sifa za waraka, vinginevyo juu ya skrini ya msomaji itasomeka “rasimu_ya_mwisho_kweli2”. Jina la jarida, toleo na mwaka viwekwe chini ya kila ukurasa, kwani kurasa husambazwa mojamoja kama picha. ISSN, ile namba ya tarakimu nane ya kutambulisha majarida, ni ya jarida zima wala si ya kila toleo, na jina likibadilika sana inabidi kuomba nyingine. Basi jina likubaliwe kabla ya kuiomba.