Sauti zisizonidai jibu

Leo Jumanne nilikuwa na mapumziko, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi sikufua wala sikulala hadi saa tano. Nilikwenda msitu wa Karura, hapa Nairobi. Nimerudi jioni hii miguu inauma na viatu vimejaa udongo mwekundu, na ninaandika kabla hata ya kuoga.

Niseme kwanza kilichonipeleka. Kazi yangu ni kupokea simu za wateja. Kutwa nzima nina vipokea sauti masikioni, na kila anayepiga ana shida: pesa imeenda kwa nambari isiyo yake, laini imefungwa, amesubiri mno. Sina ugomvi nao, shida zao ni za kweli. Lakini Jumamosi usiku nilipokea simu nikiwa jikoni na kusema, "Habari ya jioni, nikusaidie vipi?" Upande wa pili ukanyamaza. Kisha nikasikia polepole, "Ni mimi, mwanangu." Alikuwa mama, kule Wundanyi. Tuliongea kidogo, tukaagana, ila ule ukimya wake ukalala nami usiku kucha.

Basi asubuhi nikapanda matatu ya Ruaka, nikashukia kwenye lango la Barabara ya Limuru. Mwanzoni nilichokisikia ni masikio yangu tu, yanavuma kama redio iliyokosa stesheni. Nilitembea huku mkono ukienda mfukoni kuitafuta simu, mpaka nikaizima kabisa na kuitia chini kabisa ndani ya mkoba. Magari yakafifia nyuma yangu. Vikaja vishindo vya kima wakiruka juu ya miti, majani makavu chini ya viatu, kisha kitu kizito kikapita hewani: fuu, fuu, fuu. Nikasimama. Alikuwa hondohondo, na sauti ile ilikuwa ya mbawa zake, kama mtu anayekung'uta leso mbichi kabla ya kuianika. Sikuwahi kujua kwamba ndege anaweza kusikika akiruka. Nilibaki pale shingo juu hata baada ya yeye kutua mbali.

Siwezi kupita Karura bila kumkumbuka Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira. Msitu huu wa zaidi ya hekta 1,000 ulikuwa umeanza kumegwa na kugawiwa watu wa kujenga majumba. Tarehe 8 Januari 1999 alifika langoni na wenzake kupanda mti, wakavamiwa na kupigwa, yeye akapasuliwa kichwa. Akaenda kituo cha polisi na kutia sahihi taarifa yake kwa damu yake mwenyewe. Leo nimekaa kwenye kivuli ambacho mama yule alikikatalia wanyakuzi, na nilimshukuru kwa sauti, peke yangu njiani, bila kuona haya.

Nikateremka hadi kwenye mapango yaliyotumiwa na wapiganaji wa uhuru wa Mau Mau. Nilisimama mdomoni mwa pango, ubaridi ukanigusa uso. Nikawawazia watu wale gizani, wakisikiliza kwa mwili mzima kama hatua inayokuja ni ya rafiki au ya askari. Karibu na hapo mianzi inasuguana upepo ukipita, inalia kama mlango wa zamani.

Kwenye maporomoko ya Mto Karura nikatafuta jiwe, nikafungua viazi vitamu nilivyochemsha jana na chupa ya chai. Maji yanaanguka bila kupumzika. Nilikaa hapo zaidi ya saa moja, na polepole nikaelewa kwa nini mabega yangu yameshuka. Msitu mzima ulikuwa unapiga kelele, lakini hakuna sauti hata moja iliyonidai jibu.

Hapo ndipo mama alipopita moyoni. Zamani alikuwa akipiga simu na kunisimulia tu: mvua imenyesha, maharagwe yametoa maua, jirani amemwoza binti yake. Nami, kwa uchovu, nikawa ninamkatiza: "Sawa mama, kwani kuna nini?" Miezi ya karibuni simu zake zote zimeanza na shida. Goti. Paa. Mbolea imepanda bei. Nilidhani shida zimemzidi. Leo, kwenye lile jiwe, nikajiuliza kama si mimi niliyemfundisha kwamba bila shida hapati sikio langu. Nikalia. Maji yakaendelea kuanguka, na ilikuwa vizuri kwamba hakukuwa na mtu wa kuniambia nyamaza.

Nilipopanda kurudi langoni niliiwasha simu. Nikapiga kabla ujumbe haujaanza kuingia.

"Habari ya mchana, mama."

"Nzuri. Kuna nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu. Nimekupigia tu."

Akanyamaza tena, lakini ukimya huu ulikuwa mwingine. Nikasikia jogoo, nikasikia ndoo ikiwekwa chini. Halafu akaanza: yule kuku mwekundu ameangua, vifaranga tisa, mmoja ana madoa, na paka wa jirani ameanza kupitapita. Nikaketi kwenye gogo karibu na njia, nikamsikiliza mpaka salio lake la habari likaisha, nami nikamuuliza yule wa madoa anafananaje.

"Ngoja nitoke nimwangalie vizuri," akasema. Nikasikia mlango ukifunguka.