Masika Juu ya Mawe, Mimi na Mbwa Watatu

Nyumba yangu iko juu ya kilima cha mawe upande wa Sengerema, mahali ambapo usiku usio na ukungu ninaiona Ghuba ya Mwanza na taa za mji ng'ambo. Jirani wa karibu yuko bondeni, mwendo wa dakika 40 kwa mguu, na kuanzia Machi hadi Mei, udongo ulio kati ya mawe ukishalowa, hakuna bodaboda anayekubali kupanda hata umwongezee nauli. Nilihamia huku baada ya kustaafu ualimu nikiwa na mbwa watatu, Simba, Chausiku na Popo, nikidhani kwamba wao ndio watakaonilinda mimi na mbuzi wangu. Masika ya kwanza yalinionyesha kwamba ni mimi niliyepaswa kuwafikisha wao mwezi wa Juni wakiwa wazima.

Mvua ya hapa ina saa zake. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, hewa ya pande zote ikavuma kuelekea ziwani na kupanda juu, na ndiyo maana radi nyingi huanzia kule majini usiku wa manane, nyingine zikatufikia alfajiri. Chausiku huzijua kabla yangu: huacha mlango, huingia chini ya meza na kuhema kwa kasi huku anga bado likiwa kimya. Mwanzoni nilimkemea. Siku hizi akifanya hivyo nami ninaamka, ninaingiza kuni ndani na kurudisha mfereji wa bati kwenye mdomo wa tangi, kwa sababu paa langu la mita 40 za mraba hunipa lita 40 kwa kila milimita moja ya mvua, na kuyapoteza maji hayo ni kujitafutia safari ya kisimani kwenye utelezi.

Banda la mbwa nililijenga mahali pabaya, kwenye upenyo kati ya mawe mawili makubwa palipoonekana kuwa na kivuli kizuri, nami sikujiuliza kwa nini hapakuwa na hata jani kavu pale chini. Mvua kubwa ya kwanza ilipita humo humo kama mto. Nililihamishia juu, nikaliinua kwa matofali, na jambo hilo likaisha.

Chakula ndicho kilichonitoa jasho. Dagaa hawakaukii juani wakati wa masika, kwa hiyo nilikuwa nimeweka akiba ya magunia mawili ya dona, nikayaegemeza ukutani, nikawa ninawapikia mbwa uji mzito na mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kuondolewa, niliyoyatoa mifupa. Mwishoni mwa Aprili Popo alisusa chakula siku mbili, akatapika, na nilipomfunua mdomo nikakuta ufizi wake una rangi ya manjano kama ganda la embe bivu. Nilidhani ni ugonjwa wa kupe. Nilipiga picha nikamtumia bwana mifugo, kijana niliyewahi kumfundisha, naye akanipigia papo hapo.

“Shikamoo, Mwalimu. Unawapa chakula gani?”

“Marahaba, mwanangu. Dona na samaki.”

“Nenda kalifungue gunia, uangalie ule upande uliogusa ukuta.”

Nilikwenda nikiwa na tochi. Kwenye pembe ile unga ulikuwa umeshikana mabonge, na bonge nililolivunja lilikuwa na vumbi la kijani ndani yake. Aliponieleza habari ya sumukuvu, sumu inayotolewa na kuvu kwenye nafaka, nilikumbuka watu waliokufa Dodoma na Manyara mwaka 2016, na nikakumbuka pia kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nikila ugali wa gunia lile lile. Sumu hiyo hushambulia ini, mbwa huathirika nayo upesi, na kuchemsha hakuiondoi, hivyo uji wangu wa saa nzima jikoni haukuwa umesaidia lolote. Nilimteremsha Popo mgongoni, nimemfunga kwa shuka kama mtoto, nikiteleza na kukalia matope mara tatu. Alitundikiwa dripu, na ilichukua wiki mbili kabla hajabweka tena. Magunia yote mawili niliyafukia; sikutaka hata kuku wayafikie.

Tangu hapo sinunui unga wa akiba. Ninanunua mahindi, na kabla ya kuyalipia ninatia konzi moja kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, ninatikisa, kisha ninaiacha kidogo: chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana unyevu, nami ninayaacha hapo hapo hata muuzaji akinuna. Kwa akiba unyevu haupaswi kuzidi asilimia 13.5. Nyumbani magunia hukaa juu ya chaga, mbali na ukuta, na ninasagisha debe moja kila nikishuka. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ninaijaza kwenye pipa lenye mfuniko, na siku ambazo kilima hakishukiki, ndiyo inayotulisha sote wanne.

Jioni, mbwa wakirudi wamelowa baada ya kufukuza pimbi ambao hawajawahi kuwakamata, ninawakausha kwa gunia karibu na moto, mmoja mmoja, nikitafuta kupe masikioni na kati ya vidole, ambako ngozi iliyoloa hupata vidonda upesi. Simba hulala kabla sijamaliza. Popo huwa wa mwisho, kwa kuwa yeye ninamfunua na mdomo nikimulika tochi. Ufizi ukiwa na rangi yake ya waridi ninamwachia, naye huondoka ameudhika na kujilaza kwenye chaga iliyo tupu.