Dasima: usiuoshe ule unga mweupe

Dasima, ule mwani mkavu wa Kikorea wa kupikia supu, ikiniishia huwa nakwenda soko la Jungbu hapa Seoul, kwenye yale maduka ya dagaa na mwani mkavu. Duka la mtaani nalo linayo, imeshakatwa vipande vya mraba na kufungwa kwenye pakiti, na si mbaya. Ila napenda kununua majani mazima, nione ninacholipia.

Jani zuri ni nene na gumu, jeusi lenye ukijani ukiliinua kwenye mwanga. Jembamba lenye wekundu wekundu, au la manjano kingoni, naliacha. Nyingi hutoka visiwa vya Wando, Jeolla Kusini, ambako huvunwa kuanzia mwezi Mei na kuanikwa juani juu ya nyavu. Nyingine hutoka Gijang, karibu na Busan. Muulize muuzaji, wale akina mama wa Jungbu hawachoki kueleza.

Sasa ule unga mweupe juu ya jani. Watu wakiuona hudhani ni uchafu, wanakimbilia bombani. Jamani, msiuoshe! Ni manitoli, aina ya sukari inayojitokeza mwani unapokauka, na ladha mnaimwaga kwenye sinki. Futa mchanga kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, basi. Ukungu utaujua tu: una manyoya, na unanuka uvundo.

Supu yangu ya kila siku ni hii. Lita moja na nusu ya maji baridi, vipande viwili vya dasima ukubwa wa kiganja, naviacha vilowe nusu saa. Huku nyuma natoa dagaa vichwa na matumbo, nawakaanga bila mafuta mpaka ile harufu kali ya samaki ipungue, kisha nawatia sufuriani pamoja na kipande cha figili. Moto wa kati. Hapo sibanduki jikoni, kwa sababu maji yakianza tu kuchemka dasima inatoka. Ikiendelea kuchemka inaachia uteute, na supu inapata uchungu. Dagaa nawaacha dakika kumi zaidi, halafu nachuja. Ukitia doenjang (uji mzito wa soya iliyochachushwa), tofu na vitunguu majani kwenye maji hayo, hutahitaji kiungo cha pakiti. Mjapani Kikunae Ikeda alitenga glutamati, kile kinacholeta ladha nono ya supu, mwaka 1908 kutoka kwenye mwani wa jamii hii hii, kwa hiyo utamu huo umo ndani ya jani lenyewe.

Mwenye tatizo la tezi ya shingo amuulize daktari kwanza. Dasima ina madini joto mengi sana, na hata kipande kidogo kinaweza kupita mahitaji ya siku nzima.

Majani yaliyokwisha kutoa supu mama mkwe wangu hakubali yatupwe. Anayakunja, anayakata nyuzi nyembamba, anayapika taratibu kwa sosi ya soya, sukari kidogo na maji mpaka yakaribie kukauka, kisha ananyunyiza ufuta. Yanaliwa na wali, hata yakiwa baridi.