"Njoo unione" ya msibani ni rambirambi, ipokee ushukuru

Mzee wangu alikuwa dereva wa halmashauri, moja ya hizi hizi za mkoa wetu wa Kigoma, siitaji mana pale bado kuna watu tunasalimiana nao. Kafariki akiwa kazini, hata ile 60 ya kustaafu kwa lazima hajaigusa. Elimu yake darasa la saba, aliingia serikalini kabla ya ule waraka uliosema kuanzia tarehe 20 Mei 2004 hakuna kuajiriwa bila kidato cha nne, kwaiyo hata zile purukushani za uhakiki wa vyeti 2017 zilimpita yeye anaosha gari tu.

Tumemzika Ujiji na watu walijaa mpaka nikashangaa. Baadae nikaelewa, dereva anajuana na kila mtu. Kabeba wakurugenzi, kabeba madiwani, kabeba wakaguzi, kabeba mabosi wa wizarani waliokuja kuangalia miradi na wakaondoka na madumu ya mawese na dagaa ambayo yeye ndo aliyatafuta Kibirizi asubuhi asubuhi. Sasa hao wote, au waliobaki kati yao, wakija wanafanya kitu kile kile, mtu anakushika mkono hauachii, anakuvuta pembeni ya turubai, anakuuliza we umesomea nini mwanangu, unamwambia nina stashahada ya utunzaji kumbukumbu nimesoma chuo cha utumishi wa umma pale Tabora, kile wazee mpaka leo wanakiita Uhazili, anatikisa kichwa, anasema baba yako alikuwa mtu wangu sana, tukishaanua tanga njoo unione.

Njoo unione. Niliisikia mpaka mama akaanza kupumua. Mimi ndo kifungua mimba, nyuma yangu kuna wawili wako shule na mmoja chuo, mshahara wa mzee umekata mwezi ule ule, na hapa kila mgeni mwenye tai anasema njoo unione, sa nani asingepata matumaini?

Baada ya arobaini nikaanza kupiga simu. Mmoja yuko kikaoni, mwingine anasema nikumbushe mwezi ujao, mwingine kapokea vizuri kabisa kaniuliza hali ya mama, hali ya wadogo, kaniombea dua ndefu, simu ikakata na kazi haijatajwa. Nilikasirika sana kipindi kile ila sasa hivi sina hasira nao kabisa, na ndo ninachotaka kusema hapa. Ile kauli ilikuwa rambirambi. Mtu kafika msibani, kabanwa, hajui aseme nini kwa kijana aliyefiwa, anatoa alichonacho mdomoni. Anayekupa elfu kumi kwenye bahasha humfuati kesho yake ukamwambia bado laki mbili, sasa huyu wa njoo unione kwanini tunamfuata na bili?

Kwenye ukoo ndo kulikuwa kuzito zaidi. Baba mdogo alishika kitu kimoja hakiachii, kwamba ile nafasi ya mzee ni ya kwetu, kafia kazini, mtoto ana cheti, basi mtoto aingie. Wazee wengi wanaamini hivyo na siwalaumu, mana enzi zao mtu alimleta mdogo wake kazini kwa mdomo tu au kwa kimemo, anapewa ofa ya kibarua, miaka inapita anathibitishwa. Mzee mwenyewe aliingia kwa kuletwa na rafiki yake waliyekuwa wanacheza nae bao. Hakuna aliyeona vibaya.

Ndo baba mdogo akakumbuka kwamba nina rafiki yangu ni afisa utumishi. Kweli ninae, tumekaa nae dawati moja kidato cha kwanza mpaka cha nne, yeye akaenda zake chuo kikuu, sa hivi yuko halmashauri nyingine kabisa mbali na huku. Nikaambiwa mpigie, sa hivi hivi, weka na lauspika.

Nikampiga mbele ya kikao, na wala sikuzunguka, nikamwambia kaka hali imekuwa hivi na hivi, naomba unishike mkono. Akanyamaza kidogo. Akaniambia, "Usiniombe kazi, mi sina kazi ya kugawa. Niombe nikusomee makaratasi yako." Baba mdogo akainuka akaenda kutawadha. Mama hakusema kitu mpaka usiku, usiku akasema huyo rafiki yako ana roho mbaya, na amelishikilia hilo hadi leo, hata ukimwambia huyo ndo aliyetuma elfu hamsini siku ya msiba anasema hela si kitu.

Sasa niwaambie alichonifundisha yule bwana, mana wengi mtaani bado wanadhani kuna droo sehemu imejaa nafasi na mwenye ufunguo kanuna tu.

Mtumishi akifa au akistaafu, ile nafasi hairudi kwa familia na wala mkurugenzi hawezi kuijaza kesho yake. Inabaki pengo kwenye ikama, yaani ile orodha ya idadi ya watumishi wanaotakiwa. Halmashauri inaomba kibali Ofisi ya Rais Utumishi, kibali kikitoka kinaitwa cha ajira mbadala, linatoka tangazo, watu wanaomba kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachosimamia ajira za serikali, kwa namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, wanaitwa usaili wa mchujo wa kuandika, wanaopita wanaenda mahojiano, madereva wanapimwa na kuendesha gari kabisa. Kwaiyo ile nafasi ya mzee ilikuja kutangazwa kweli, Dereva Daraja la II, tumeiona wote kwenye simu, baba mdogo akasema si mnaona. Mimi hata leseni ya pikipiki sina.

Na nikamuuliza wazi, kwani huwezi hata kusema na mtu? Akanijibu bila kuficha kwamba watu wa kusema na watu bado wapo, asinidanganye, ila yeye anaogopa. 2017 alikuwa ndo ana muda mfupi kazini, ile ripoti ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi ilipokabidhiwa kwa Rais Magufuli pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, anasema ofisini kwao kuna wamama walikuwa wanampikia chai asubuhi, mchana hawapo. Tangu pale kila faili analishika akijua kuna siku litafunguliwa na mtu asiyemjua. Na kuna sheria ya rushwa ya 2007, ukitumia cheo kumpa mtu faida kinyume na taratibu ni kosa hata kama hujala hata mia. Nikaona nina rafiki ana watoto wawili na mkopo wa benki, na mimi namwomba aviweke mezani kwa ajili yangu. Kwa kweli nilinyamaza.

Tofauti na yule mwingine. Mana kuna shemeji wa jirani alileta mtu wake, "anafanya kazi Dodoma", anataka milioni mbili, moja kabla, moja ukishaitwa. Huyo alikuwa na majibu yote, hana kikao, hana dharura, anapokea simu mlio wa kwanza. Mama akawa yuko tayari kuuza kiwanja cha Gungu. Nilivyomwambia rafiki yangu akacheka kicheko kibaya, akasema mwambie akutumie picha ya kitambulisho cha kazi na jina la bosi wake. Nikamwambia. Namba haipatikani mpaka leo. Sekretarieti kila siku inatangaza ajira haziuzwi, ila tangazo halifiki kwenye nyumba yenye msiba, tapeli anafika.

Tukarudi kwenye makaratasi, na hapa ndo nilichoka. Form four naitwa fulani Ramadhan, stashahada fulani Ramadhani. Herufi moja. Hiyo ikitokea kwenye usaili unatakiwa uwe na hati ya majina ya kwa wakili la sivyo unarudishwa getini. Nilikuwa nimepandisha hati ya matokeo badala ya cheti chenyewe, nayo hawapokei. Vyeti havina muhuri wa mwanasheria. Barua nimeandika "yahusu: ombi la kazi yoyote", akaniambia we hakuna kazi inaitwa yoyote, andika Msaidizi wa Kumbukumbu Daraja la II kama ilivyo kwenye tangazo, na barua ya nafasi ya halmashauri ielekezwe kwa mkurugenzi wa halmashauri hiyo. Wadhamini wawe watatu na wawe wanapokea simu. Alikuwa ananipigia saa nne usiku akishalaza watoto tunapitia mstari kwa mstari.

Kichekesho ni kwamba ile herufi i ndo hiyo hiyo ilikwamisha mirathi. Mzee faili la mafao lilianzia LAPF, mfuko wa pensheni wa serikali za mitaa, 2018 mifuko ikaunganishwa ikawa PSSSF ya watumishi wa umma wote, huko yuko Ramadhani, benki yuko Ramadhan, kwaiyo mama na muhtasari wake wa kikao cha ukoo na cheti cha kifo anapanda na kushuka mahakama ya mwanzo kuthibitisha kwamba mume wake ni mtu mmoja.

Na NIDA. Wa mikoa mingine hamtaelewa hili. Sisi huku mpakani, Burundi pale, Kongo ng'ambo ya ziwa, namba haiji hivi hivi, unaulizwa baba kazaliwa wapi, babu kazaliwa wapi, kazikwa wapi, nani anamfahamu. Yangu niliipata kwa sababu mzee alienda na mimi akajibu yote, na barua yake ya ajira kwapani. Mdogo wetu wa mwisho anatimiza kumi na nane mwakani, bila namba hata hiyo akaunti ya kuombea kazi hafungui, na shahidi ndo huyo tumemzika. Ile barua nimeilaminesha.

Usaili niliitwa. Mchujo nilipita, mahojiano sikupita, au nilipita ila hawakufika kwangu, jina kwenye PDF ya kuitwa kazini halipo, nimelitafuta juu chini. Rafiki yangu hakusema pole nyingi, aliniuliza swali gani lilinishinda, nikamwambia la utaratibu wa kuteketeza nyaraka, akasema hilo soma, linarudi.

Watu wa nyumbani wameanza tena, kuna mheshimiwa fulani anakuja arusini Mwanga hapa hapa Kigoma mwezi huu, alikuwa anabebwa na mzee, nenda kamsalimie. Nitaenda kumsalimia, ni mtu mzima na alikuja kutuzikia. Ila Jumatatu niko kwa wakili nagonga mihuri upya, kuna tangazo la halmashauri jirani linafungwa wiki ijayo, nafasi mbili za kumbukumbu.